Kabla ya kugusa kutu kwenye chesisi ya gari la kujiundia: mambo ya kuzingatia

Gari lililonunuliwa vipande vipande na kuunganishwa nyumbani huzeeka kwa hila. Bodi yake mara nyingi ni ya faibaglasi, na faibaglasi haishiki kutu, kwa hiyo miaka 30 inaweza kupita nje bado kunang'aa huku chesisi, yaani vyuma vilivyobeba injini, viti na magurudumu, inaliwa kimyakimya. Ndiyo maana nashauri siku ya kwanza iwe ya kukagua tu. Grenda ibaki kabatini.

Jua kwanza gari lako limejengwaje. Yanayofuata mtindo wa Lotus Seven, gari lililotoka mwaka 1957, yana fremu ya paipu nyembamba zilizochomelewa pamoja, na unene wa ukuta wa paipu mara nyingi ni kama milimita 1.6 tu. Chuma cha namna hiyo hakina akiba ya kuliwa. Mengine, kama bagi za ufukweni, yaani vigari vya wazi vya kuendeshea mchangani, yamekalia sakafu ya Volkswagen Beetle, na hapo pa kuanzia ni chini ya kiti cha nyuma, mahali betri inapokaa na tindikali yake inapodondokea.

Kwenye fremu ya paipu, kutu ya kuogopa ni ile ya ndani. Maji huingia kwenye tundu dogo la bolti au la ribeti, hushuka hadi paipu ya chini kabisa na kukaa humo. Gonga kila paipu kwa nyundo ndogo, pole pole, ukisikiliza: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti iliyokufa. Penye mashaka, chokoa kwa bisibisi. Ikitoboka, bora itoboke mkononi mwako kuliko barabarani. Ukiweza kupata kamera ndogo ya waya, ipitishe kwenye matundu yaliyopo.

Usidanganywe na rangi ya unga iliyookwa. Ni ngumu, lakini jiwe likiipasua, maji hutambaa chini yake na kutu husambaa huku juu bado kunapendeza. Ukiikwangua, inabanduka kama ganda la yai. Angalia pia palipogongelewa bati la alumini juu ya chuma. Penye unyevu, metali hizo mbili zikigusana alumini ndiyo huanza kuliwa na kutoa unga mweupe. Lakini ribeti ilikwishatoboa rangi, na unyevu ulionaswa hapo nyuma ya bati hauachi chuma salama. Ukiona unga mweupe, toa bati.

Baada ya hapo chora fremu kwenye karatasi, hata kwa mkono mbaya, na utie alama kila ulipokuta ubovu. Mchoro huo ndio utakaokuambia kama unatengeneza au unatafuta chesisi nyingine. Paipu moja ya sakafu ni kazi ya wikiendi. Ubovu ukiwa kwenye vishikio vya suspensheni, vya usukani au vya mikanda ya viti, mpe fundi aliyezoea fremu za magari. Mtu anayechomelea mageti kwa ustadi mkubwa bado anaweza kukuachia gari linalovuta upande mmoja. Uliza pia sheria za ukaguzi wa magari ulipo, maana kubadili muundo wa chesisi huenda kukahitaji kibali.

Bolti zinazoshika bodi zitakusumbua. Zimwagie mafuta ya kulainisha kutu siku kadhaa mapema, tena na tena, vinginevyo zitakatikia ndani. Za mikanda ya viti mara nyingi zina uzi wa inchi 7/16, si wa milimita. Usilazimishe bolti inayofanana tu kwa macho.

Unapoinua gari, usiweke jeki chini ya paipu unayoishuku. Kabla ya kukata chochote pima kona kwa kona, pande zote mbili, na uandike vipimo. Chomelea vyuma vya muda vya kushikilia umbo, kisha badilisha paipu moja baada ya nyingine.

Moto nitausisitiza zaidi ya yote. Faibaglasi inawaka, na moshi wake ni mbaya. Tangi la petroli litoke kabisa na lipelekwe mbali. Kulimwaga petroli tu hakutoshi, kwa sababu tangi tupu limejaa mvuke unaolipuka. Ondoa mabomba ya petroli na ya breki yaliyo karibu, chomoa nyaya za betri na za alteneta. Usisafishe chuma kwa dawa ya breki yenye klorini kisha ukakichomelea, kwani joto huigeuza kuwa gesi ya sumu. Chuma kilichopakwa zinki nacho hutoa moshi unaoleta homa, hivyo kwangua zinki kwanza na ufungue milango. Kizima moto kiwe karibu, na ukimaliza usiondoke haraka, kwani cheche huweza kulala muda mrefu kwenye kapeti.

Nunua vifaa vyote kabla hujaanza, kwa sababu chuma kilichosafishwa hadi kung'aa kinaweza kushika kutu usiku huohuo penye unyevu. Dawa ya asidi ya fosforiki hugeuza kutu nyembamba kuwa tabaka jeusi linalokubali rangi, ila hairudishi chuma kilichokwishaliwa. Praima ya epoksi, yaani rangi ya msingi, ipakwe siku ileile. Nta ya kuzuia kutu ndani ya paipu hupulizwa mwisho kabisa, baada ya kuchomelea na kupaka rangi, na matundu ya chini ya kutolea maji yaachwe wazi. Nta itadondoka kwa siku kadhaa, kwa hiyo tandika maboksi sakafuni.