Kabla hujapeleka nduthi traki, anza kuikagua wiki mbili mapema

Nianze na ile siku yangu manake ndio imenifanya niandike hii kitu. Tulikua tumelipia traki dei (siku ya kukimbiza nduthi, yaani pikipiki, ndani ya njia ya mashindano) pale Whistling Morans, uwanja wa go-kart (vile vigari vidogo vya mashindano) huko Athi River, tukatoka Nairobi saa kumi na moja alfajiri na nduthi mbili zimefungwa nyuma ya pikapu, nikiwa nimeosha yangu ikang'aa, nimebadilisha oili, nimepaka cheni mafuta, yaani kwa akili yangu niko tayari kabisa. Raundi za kwanza zilikua tamu sana. Raundi za pili, kama mzunguko wa nne hivi, nikavuta breki ya mbele mwisho wa ile sehemu iliyonyooka na leva ikaja tu, laini, mpaka ikagusa vidole vyangu vilivyobaki kwa handobari. Nilivuta tena haraka mara mbili ikashika kidogo, nikanyoosha nduthi nikatoka nje ya lami mpaka kwa vumbi nikasimama. Sikuanguka, na mpaka leo namshukuru Mungu kwa hilo.

Kurudi kwa hema, mzee mmoja ambaye amekimbiza nduthi miaka mingi akafungua kile kikopo cha mafuta ya breki akaangalia, akaniuliza, "Kijana, hii umebadilisha lini?" Sikua na jibu, manake tangu niinunue sikua nimewahi kubadilisha na ilikua miaka miwili na nusu. Ilikua rangi ya chai ya rangi iliyolala. Hapo kwa hema hakuna aliyekua na chupa mpya, hakuna mpira mwembamba wa kutolea hewa, na ilikua Jumapili. Saa nne na nusu asubuhi siku yangu ikaisha. Pesa ya kiingilio imeenda, pesa ya pikapu imeenda, na nikakaa chini ya hema hadi jioni nikiangalia wenzangu.

Sasa kwa nini ilifanya hivyo na barabarani ilikua sawa? Mafuta ya breki yananyonya maji kutoka hewani, polepole, hata kama hakuna mahali panavuja. DOT 4, aina moja ya mafuta ya breki, ikiwa mpya haifai kuchemka chini ya nyuzi 230, lakini ikishanyonya maji kiwango chake kinaweza kushuka mpaka 155 hivi. Barabarani unashika breki kidogo alafu upepo unapoza, huwezi fika hapo. Traki ni tofauti, na hasa traki fupi kama ile iliyojengewa go-kart, kona inafuata kona, disk haipati nafasi ya kupoa, joto linapita kwa pedi (zile zinazobana disk) linaingia kwa kalipa (kile chuma kinachoshika pedi) na yale mafuta yanachemka. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabanika lakini mafuta hayabaniki, kwa hivyo unavuta leva unabana mvuke tu na pedi hazisukumwi. Ikipoa, leva inarudi kama hakuna kitu ilitendeka, na hapo ndio hatari iko, mtu anadhani imepona anarudi ndani.

Kwa hivyo jambo la kwanza kabisa ni hilo. Badilisha mafuta ya breki, mbele na nyuma, siku kumi hivi kabla ya kwenda. Nunua chupa ndogo ambayo bado imefungwa, usitumie ile nusu iliyobaki kwa shelfu tangu mwaka jana manake nayo imekua ikinyonya maji hapo ilipo. Soma kifuniko cha kikopo chako kinasema DOT gani. 5.1 unaweza kuweka mahali pa 4, lakini 5 peke yake ni silikoni, hiyo usiichanganye na hizo zingine. Hii ya 4 ama 5.1 ikimwagika kwa rangi ya tangi osha na maji hapo hapo, inakula rangi. Ukishatoa hewa yote kwa breki, funga leva na kamba ya mpira ikae imevutwa usiku mzima, asubuhi mara nyingi utaikuta imekua ngumu zaidi kidogo, alafu itembeze barabarani siku kadhaa ndio uiamini. Na ukiwa hapo toa pedi uziangalie. Ikiwa imebaki chini ya nusu, weka mpya, kile kiasi ambacho barabarani kingekupeleka miezi miwili traki inaweza kukimaliza siku moja.

Mbona nasema wiki mbili na sio Ijumaa jioni? Ni sababu ya spea. Ukiwa na nduthi ya injini ya cc 150 kila kitu utapata Kirinyaga Road kabla ya chakula cha mchana. Lakini ukiwa na 600 au 1000, sili ya shoki ya mbele au pedi za kalipa yako inaweza kua lazima iagizwe kutoka nje, na ukigundua Ijumaa basi ama uende na kitu kibovu ama usiende. Watu wengi wanachagua kwenda, na hapo ndio inaniuma, manake nduthi mbovu ndani ya traki haimuumizi mwenyewe pekee, oili yako ikimwagika kwa kona ni wale wanaokuja nyuma wanaanguka.

Kwa oili basi: badilisha pamoja na filta, weka washa (ile pete nyembamba) mpya kwa ile nati ya chini ya kutolea oili, panguza chini ya injini mpaka pakauke kabisa, alafu tembea kilomita ishirini hivi uje ulale chini na tochi uangalie. Pakiwa na unyevu wowote tafuta unatoka wapi. Angalia pia shoki za mbele, pitisha kidole kwa ile chuma inayong'aa, ukikuta pete ya oili sili imekufa, na hiyo oili inateremka moja kwa moja kwa kalipa na pedi.

Rejeta nayo ina mambo yake. Traki nyingi hawataki kulanti (maji ya dawa ya kupoza injini) yenye glaikoli manake ikimwagika lami inateleza vibaya na kuisafisha ni kazi, wanataka maji safi. Huku kwetu maji hayagandi kwa hivyo hakuna shida kwa siku moja, ila ukirudi nyumbani rudisha kulanti, maji matupu yataleta kutu. Na kumbuka Athi River iko kama mita 1,500 juu ya bahari, maji yaliyo wazi huko yanachemka karibu nyuzi 95, kinachozuia yasichemke ndani ya rejeta ni ile presha inayoshikiliwa na kifuniko. Kama mpira wa kifuniko umepasuka, badilisha, ni kitu cha pesa kidogo sana.

Cheni watu wanakosea kwa kuikaza. Cheni iliyokaza sana ni mbaya kuliko iliyolegea kidogo, shoki ya nyuma ikishuka inaivuta na inaweza kuharibu beringi ama kukatika. Stika iliyo karibu na gurudumu la nyuma itakuambia ichezeshwe milimita ngapi, fuata hiyo. Kama cheni yako inafungwa na klipu, upande wa klipu uliofungwa ndio unaangalia mbele cheni inakoelekea, na kama unaweza pata ile ya kugongewa riveti, weka hiyo.

Tairi: soma zile namba nne ubavuni, 2319 ni wiki ya 23 mwaka 2019, tairi ikizeeka inakua ngumu hata kama meno bado yapo. Upepo wa tairi ukiwa traki kwa kawaida unakua chini ya ule wa barabarani, tafuta kiwango cha tairi yako, na ubebe geji yako mwenyewe manake baada ya raundi za kwanza tairi inapata moto na upepo unapanda, inabidi upime tena.

Nati zote za kalipa, ekseli na handobari zikazwe na spana ya kupima nguvu alafu uchore mstari wa rangi juu ya nati na chuma, ukitoka kila raundi unaangalia tu kama mstari bado umenyooka. Akselereta ikiachiliwa irudi yenyewe, jaribu ukiwa umekata handobari kushoto kabisa na kulia kabisa. Vioo vitoke, taa zifungwe teipu.

Kwa boksi mi sasa nabeba chupa mpya ya DOT 4 na mpira wake, leva ya breki na ya klachi za ziada (nduthi ikilala hata ikiwa imesimama tu hizo ndio huvunjika kwanza), fyuzi, waya, teipu, soketi ya nati ya ekseli, pampu, matambara na kizima moto. Maji ya kunywa mengi, jua la Athi River halichezi.

Usiku wa mwisho usifungue chochote. Kama kuna kitu kimebaki hakijakazwa saa nne usiku na wewe umechoka, heri uende siku nyingine.

Na ukiwa ndani, kila mzunguko mahali pamenyooka gusa leva kidogo kabla ya kufika pa kushika breki, usikie iko wapi. Ikiwa imesogea karibu na mkono kuliko asubuhi, inua mkono juu, toka kwa njia ya wenzako, zunguka polepole urudi kwa hema, na usirudi ndani mpaka mafuta yabadilishwe, hata kama ikipoa leva imekua ngumu kama jiwe.