Jinsi ya Kugawa Maneno Marefu ya Kiingereza katika Silabi na Kutambua Mkazo Wake

Mzungumzaji wa Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho bila hata kufikiri, na mazoea hayo huyahamishia kwenye Kiingereza. Ndiyo sababu wengi wetu hutamka "democracy" kwa kuikazia "ra", ilhali mkazo wake uko nyuma zaidi: de-MOC-ra-cy.

Ukikutana na neno refu, hesabu kwanza irabu zinazosikika, si zilizoandikwa, kwa kuwa kila silabi hubeba irabu moja ya kusikika. Herufi "e" iliyo mwishoni mwa "celebrate" haitamkwi, hivyo silabi zake ni tatu, cel-e-brate. Konsonanti zinazofuatana nazo zisichomekewe irabu: "strategy" ina silabi tatu, wala si tano kama inavyosikika kwa anayesema "sitarateji".

Kisha tazama kiambishi tamati na uhesabu kurudi nyuma. Katika maneno yenye -tion, -sion au -ic, mkazo hukaa kwenye silabi inayotangulia kiambishi, ambayo ni ileile ya pili kutoka mwisho: ed-u-CA-tion, dem-o-CRAT-ic. Hapo mazoea yetu yanatufaa, ingawa "Arabic" hukaziwa silabi ya kwanza. Yanayotutatiza ni yale yenye -ity, -logy, -graphy na -cracy, ambayo mkazo wake huangukia silabi ya tatu kutoka mwisho: u-ni-VER-si-ty, bi-OL-o-gy, ge-OG-ra-phy. Mkazo wa namna hii si mgeni kwetu kabisa, kwani ndio unaotofautisha ba-ra-BA-ra ya kupita magari na ba-RA-ba-ra yenye maana ya sawasawa. Viambishi -eer na -ee huchukua mkazo vyenyewe, kama en-gi-NEER na ref-u-GEE, na -ness huuacha mkazo ulipokuwa.

Kujua mahali pa mkazo hakutoshi, na hili ndilo ningependa mwanafunzi alizingatie kuliko yote. Irabu ya Kiswahili hubaki na sauti yake popote ilipo, lakini ya Kiingereza mara nyingi hufifia inapokosa mkazo. Linganisha PHO-to-graph na pho-TOG-ra-pher: katika neno la kwanza "o" ya pili karibu imezwe, na katika neno la pili ni "o" ya kwanza inayofifia. Tamka silabi yenye mkazo kwa nguvu, ivute kidogo, kisha zipitie nyingine upesi.

Ukiwa na shaka, fungua kamusi. Katika kamusi nyingi za Uingereza, kistari cha wima kilicho juu hutangulia silabi yenye mkazo mkuu, na kilicho chini hutangulia yenye mkazo hafifu, kama "spon" katika re-spon-si-BIL-i-ty.