Kadi ya gari ya Uingereza si kadi unayoijua

Mwanaume aliyekuja kulichukua gari letu alikuwa mpole kuliko mabosi wote niliowahi kuwa nao nchi hii. Ilikuwa asubuhi ya manyunyu. Aliniomba funguo kwa sauti ya chini, akainama kiti cha nyuma, akafungua kiti cha mtoto taratibu, akakiweka juu ya ukuta mfupi wa mbele ya nyumba. Kisha akarudi ndani akaokota kiatu kimoja cha shule kilichokuwa chini ya kiti cha dereva, akakiweka pembeni yake. Akasema pole. Akaondoka na pauni zangu 3,400.

Hilo gari sikuliiba wala sikuuziwa na mwizi. Nilikuwa nimelinunua wiki kumi na moja kabla, Zafira ya viti saba, kwa mtu anayeishi kwenye nyumba ileile iliyoandikwa kwenye kadi. Jina la kwenye kadi na la kwenye leseni yake yalilingana herufi kwa herufi. Kwetu Tanzania mjadala ungeishia hapo. Ukiona kadi halisi na mwenye kadi amesimama mbele yako, kinachobaki ni mkataba wa mauziano kwa mwanasheria na safari ya TRA. Kama gari lina mkopo wa benki, kadi iko benki, na huyo muuzaji hana cha kukuonyesha. Nilikuja huku na akili hiyohiyo, na akili hiyo ndiyo iliyonigharimu.

Sasa sikiliza. Kadi ya huku inaitwa V5C, inatolewa na DVLA, wakala wa serikali wa magari na leseni kule Swansea, na Waingereza nao wanaiita logbook kama ndugu zetu wa Kenya wanavyoiita ya kwao. Jina moja, kazi mbili tofauti kabisa. V5C inasema nani anayelitunza gari, yaani nani atumiwe barua na faini. Haisemi gari ni la nani. Na hawakuficha: imeandikwa kwenye hati yenyewe kwamba si uthibitisho wa umiliki. Niliishika mkononi, nikaigeuza mbele na nyuma, nikakagua namba ya chasisi, na hiyo sentensi moja sikuisoma, kwa sababu nilishajua kadi ni nini. Au nilidhani najua.

Yule bwana, miezi miwili kabla ya kuniuzia, alikuwa ameliweka gari rehani. Kuna kampuni zinazokopesha watu wenye shida ya haraka kwa dhamana ya gari. Unasaini hati, gari linakuwa mali ya mkopeshaji mpaka umalize deni, lakini unaendelea kuliendesha kama kawaida. Kwa England na Wales hati hizo zinatawaliwa na sheria za mwaka 1878 na 1882. Hebu fikiria, sheria za enzi za Malkia Victoria, zilizotungwa kabla gari la petroli halijatembea barabarani, ndizo zilizoniondolea gari mlangoni.

Mtu atakwambia, "Lakini sheria inamlinda mnunuzi asiyejua." Mimi pia niliambiwa, na jirani mwenye nia njema kabisa. Ni kweli nusu. Kama gari lilikuwa kwenye ununuzi wa awamu, ile ya kulipa kidogo kidogo kwa kampuni ya fedha, sheria ya mwaka 1964 inamlinda mtu binafsi aliyenunua kwa nia njema bila kujua kuna deni. Hata hapo utaandikiana barua na kampuni mpaka uchoke. Lakini kwa mkopo wa rehani ya gari ulinzi huo haupo. Kwa gari la kukodi kwa mkataba mrefu pia haupo. Na wewe ukiwa umesimama barazani kwa mtu, huwezi kujua ni deni la aina gani. Polisi waliniambia ni suala la madai. Mahakama ya madai ingenisikiliza vizuri tu, ila muuzaji alikuwa amehama, na hukumu dhidi ya mtu asiye na anuani ni karatasi ya kufungia maandazi.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba dalili ilikuwepo na nilikuwa nimeiona kwa macho yangu. Kwenye tovuti ya serikali ukiingiza namba ya gari, bure kabisa, unaona tarehe ambayo V5C ya mwisho ilitolewa. Ya gari langu ilikuwa imetolewa wiki tano kabla. Na yule bwana aliniambia, na V5C ilionyesha, kwamba amekuwa nalo miaka minne. Kadi mpya kwa mtu wa siku nyingi? Mkopeshaji alikuwa ameishika ile ya kwanza. Muuzaji akawaambia DVLA imepotea, akalipa pauni 25, akaletewa nyingine safi nyumbani. Mimi nikaisifia kwa usafi wake. Nilisema kwa mdomo wangu, "Unatunza vitu wewe."

Kuna maelezo ya halali, bila shaka. Watu huhama, hubadilisha jina, hupoteza makaratasi. Lakini kadi ikiwa mpya na mtu ni wa siku nyingi, uliza, na usikubali jibu la kucheka.

Sasa dawa yake, na ndiyo sababu ya kuandika yote haya. Kuna ukaguzi wa historia ya gari unaofanywa mtandaoni kwa malipo, kwa kawaida kati ya pauni 10 na 20, unaoonyesha kama kuna deni lililosajiliwa juu ya gari, kama limeripotiwa kuibwa, na kama bima iliwahi kulifuta baada ya ajali. Mimi nilifanya ule wa bure. Programu kwenye simu ikaniletea alama za kijani mfululizo: kodi ipo, MOT (ule ukaguzi wa usalama wa gari wa kila mwaka) ipo, rangi sahihi. Chini kabisa kulikuwa na mstari wenye kufuli, "deni: fungua kwa malipo." Nilijiambia hizo ni mbinu za biashara. Pauni kumi na kitu. Siku hiyohiyo tulikula kuku wa kununua kwa pesa zaidi ya hizo kusherehekea gari.

Lipa. Na ulipe siku ya kununua, asubuhi yake. Ukilipa wiki mbili kabla, mtu anaweza kukopa katikati. Tumia namba ya chasisi uliyoisoma mwenyewe kwenye gari, usitumie aliyokutumia muuzaji kwa meseji. Soma masharti pia, maana baadhi ya ukaguzi huja na dhamana ya fidia kama taarifa ilikosewa, na dhamana hiyo mara nyingi inataka uwe umeingiza namba zote sawasawa. Nasema tena kwa wanaosoma huku wanapika: ukaguzi wa bure wa serikali hauonyeshi deni. MOT safi haionyeshi deni. Kadi yenye jina la muuzaji haionyeshi deni.

Ukikuta deni, si lazima ukimbie. Magari mengi mazuri yana deni. Mwambie muuzaji aombe barua ya kiasi kilichobaki kutoka kwa kampuni, kisha sehemu hiyo ya bei uilipe moja kwa moja kwa kampuni, kwa namba ya simu uliyoitafuta wewe, na salio ndilo umpe yeye. Akinuna, gari si lake.

Nimeishi huku miaka tisa na bado jambo hili linanishangaza. Kwetu mtu akiwa na gari, ana gari. Huku unapita mtaa mzima umejaa magari ya kung'aa, na mengi kati ya hayo ni ya kampuni za fedha, mtu analipa kwa mwezi kama pango, na baada ya miaka mitatu analirudisha na kuchukua jingine. Hakuna aibu ndani yake. Adabu yao kwenye pesa ni kwamba deni haliulizwi; ukimuuliza mtu "hili gari unadaiwa?" anakutazama kama umemuuliza uzito wa mkewe. Uliza hivyohivyo. Mimi nilistahi, na heshima yangu haikunilipia nauli ya basi mwezi uliofuata.

Mjomba alipopata habari alipiga simu usiku: "Yaani umetapeliwa na Mzungu mwenye nyumba?" Shikamoo mjomba, ndiyo. Na ninyi ndugu zetu mnaosema gari Uingereza ni bei ya kutupa, chukua Range Rover, tutatamba nayo sikukuu: ni bei ya kutupa kwa sababu anayeitupa ameona bei ya spea. Wale mnaosema "litumie miaka mitatu kisha tuletee", mnajua wenyewe ushuru wa uchakavu unavyofanya kazi bandarini. Gari la kubeba watoto shule huku na gari la kupeleka nyumbani ni magari mawili tofauti. Nunua lako.

Kuhusu gari lenyewe nitakwenda haraka, maana mengi mnayajua. Bajeti ikiwa 3,500, nunua la 2,900, linalobaki ni la matairi na mkanda wa taimingi. Chagua risiti kuliko jina la gari: Octavia yenye faili nene la huduma inaishinda Toyota isiyo na karatasi, ingawa najua kumwambia Mtanzania hivyo ni kujitafutia ugomvi. Baadhi ya injini ndogo za petroli za siku hizi zina mkanda unaozunguka ndani ya oili, na ukichakaa vipande vyake huziba njia za oili. Ukiambiwa injini ni ya aina hiyo, dai risiti ya mkanda na ya oili sahihi. Dizeli usiichukue kama safari zako ni shule na duka tu, ule mchujo wa masizi unahitaji mwendo mrefu ili ujisafishe, na kuubadilisha ni ghali. Kama unaishi London au unaingia London, dizeli ya kabla ya Septemba 2015 mara nyingi itakulipisha pauni 12.50 kila siku unayoiendesha humo, na tangu Agosti 2023 ni manispaa zote za London. Petroli nyingi za kuanzia 2006 hazina shida hiyo.

Historia ya MOT ipo bure mtandaoni. Usiangalie kufaulu na kufeli tu, soma maonyo madogo. Onyo lilelile la kutu miaka mitatu mfululizo ni mtu ambaye hatengenezi kitu. Na linganisha maili mwaka kwa mwaka, zikirudi nyuma funga ukurasa.

Siku ya kwenda kuliona gari, fika kabla hawajaliwasha. Weka kiganja juu ya boneti. Likiwa la moto, mtu ameshalipasha ili usisikie linavyoamka. Nenda na viti vya watoto vyako, vyote, uvifunge palepale. Sheria inataka mtoto akae kwenye kiti chake mpaka miaka 12 au sentimita 135, lipi litangulie, na magari mengi yanayoitwa ya watu watano hayapokei viti vitatu nyuma. Niliwahi kumwona dada mmoja analia kwenye maegesho kwa sababu hiyo, gari ameshalilipia.

Bei ya bima itafute kabla hujapenda gari. Kwa mgeni mwenye leseni ya nyumbani inaweza kuzidi bei ya gari lenyewe, na leseni hiyo inakubalika miezi 12 tu tangu uhamie.

Ukinunua kwa muuzaji wa biashara utalipa zaidi kidogo, lakini sheria ya haki za mlaji ya 2015 inakupa siku 30 za kulirudisha gari lenye kasoro kubwa, na maneno "limeuzwa kama lilivyo" kwenye risiti yake hayaondoi haki hiyo. Kwa mtu binafsi karibu huna kitu, kwa hiyo jihadhari na mfanyabiashara anayejifanya mtu binafsi. Mpigie simu useme "nimepiga kuhusu lile gari". Akiuliza "lipi?", umeshajua.

Siku ya kulipa: kodi ya barabara ya aliyetangulia haikuhamii, hilo liliisha Oktoba 2014, kwa hiyo lipa yako kwa simu kabla hujaondoka, ukitumia kipande cha kijani cha V5C. Bima ianze kabla hujageuza ufunguo. Muuzaji awaarifu DVLA mtandaoni ukiwa umesimama hapo. Lipa kwa benki ukiwa nyumbani kwake, si kwenye maegesho ya duka.

Na mwandikie risiti wewe mwenyewe, usimsubiri. Jina lake, namba ya chasisi, bei, tarehe, na mstari huu: "Gari hili ni mali yangu na halina deni wala rehani ya aina yoyote." Haimzuii mkopeshaji, nisikudanganye. Lakini muuzaji wa Verso tuliyo nayo sasa alichukua kalamu akasaini kabla sijamaliza kueleza. Aliyetangulia kabla yake, mwenye Touran ya rangi ya fedha, alisoma mstari huo mara mbili, akasema anaingia ndani kumuuliza mkewe kitu, na hakutoka tena.