Somo: Skala, Vekta, na Namna ya Kujumlisha Vekta

Simama Magogoni, Dar es Salaam, maji yanapokupwa, uangalie mtumbwi unaovuka kwenda Kigamboni. Mpiga kasia ameelekeza omo (sehemu ya mbele ya mtumbwi) ng'ambo moja kwa moja, lakini chombo kinakwenda mshazari, kinasogezwa upande wa bahari. Kujumlisha vekta ndiko huko.

Skala hutosheka na namba na kipimo chake: nyanya kilo 2, joto nyuzi 31, dakika 20. Kilo 3 ukiongeza kilo 4 ni kilo 7, hakuna mjadala. Vekta inadai na mwelekeo. Mgeni akikuuliza lilipo soko la Kariakoo ukamjibu "mita 500", hujamsaidia; ataelekea wapi? Kani (msukumo au mvuto), velositi (kasi pamoja na mwelekeo wake) na uhamisho (umbali ulionyooka kutoka ulipoanzia hadi ulipofika, pamoja na mwelekeo wake) ni vekta. Umbali na muda ni skala.

Sasa tuchore. Chukua rula, penseli na protrakta. Namba nimezichagua ziwe nyepesi: kwenye maji yaliyotulia mtumbwi unakwenda mita 2 kwa sekunde, na mkondo unavuta kwa mita 1.5 kwa sekunde.

Hatua ya 1. Chagua skeli. Sentimita 1 iwakilishe mita 0.5 kwa sekunde.

Hatua ya 2. Chora mshale wa mtumbwi, sentimita 4, kuelekea ng'ambo.

Hatua ya 3. Mshale wa mkondo, sentimita 3, uanzie kwenye ncha ya mshale wa kwanza, ukiwa pembe mraba nao. Hapa naomba utulie. Katika madaftari ninayosahihisha, kosa linalojirudia kuliko yote ni hili: mwanafunzi anaanzisha mishale yote miwili sehemu moja, kisha anaunganisha ncha kwa ncha. Mstari huo si jumla, ni tofauti ya vekta hizo. Mkia wa pili ukae kwenye ncha ya kwanza, kama mtu anayeendelea na safari pale alipofika.

Hatua ya 4. Unganisha mkia wa mshale wa kwanza na ncha ya mshale wa mwisho. Utapima sentimita 5, yaani mita 2.5 kwa sekunde, na protrakta itakuonyesha kama nyuzi 37 kutoka mstari wa kuvuka.

Hakiki kwa kanuni ya Pythagoras, ukitumia kasi zenyewe: mraba wa 2 ni 4, mraba wa 1.5 ni 2.25; 4 + 2.25 = 6.25, na kipeuo chake cha pili ni 2.5. Mishale isipokuwa na pembe mraba kati yake, hesabu hii haifai, ila mchoro bado unafaa.

Maswali ya wanafunzi

Mwalimu shikamoo. Je, mkondo unamchelewesha mvukaji?

Marahaba. Haumcheleweshi. Tuchukulie upana ni mita 400. Kasi ya kuvuka ni ile ile mita 2 kwa sekunde, kwa hiyo atatumia sekunde 200, mkondo uwepo usiwepo. Tofauti ni kwamba atatua mita 300 kando ya alipolenga.

Nikianza na mshale wa mkondo, jibu litabadilika?

Halibadiliki. Jaribu uone.

Mkondo wa umeme una mwelekeo kwenye waya. Mbona tunaambiwa ni skala?

Swali zuri sana hili. Mwelekeo peke yake hautoshi. Lazima kitu kijumlishwe kwa kanuni ya mishale. Ampea 3 na ampea 4 zikikutana kwenye kiungo, hutoka ampea 7, hata nyaya zikiwa zimekutana kwa pembe mraba. Zingekuwa vekta zingetoka 5.

Na nikitaka kutua hasa pale nilipolenga?

Elekeza omo upande maji yanakotoka, kama nyuzi 49 kutoka mstari wa kuvuka, ili sehemu ya mwendo wako iufute mkondo. Kasi ya kuvuka itabaki kama mita 1.32 kwa sekunde, nawe utatumia sekunde 302 hivi badala ya 200.