Somo: Namna ya kumfuatilia mshawishi kwenye bunge la jimbo, kupitia mswada wa madereva wa Minnesota

Wengi wetu tulio Marekani tunamjua rais na gavana, basi. Lakini malipo ya dereva wa Uber, leseni ya muuguzi na kanuni za mwenye nyumba huamuliwa zaidi kwenye bunge la jimbo, na mara nyingi anayeyasukuma hayo ni mshawishi (lobbyist), mtu anayelipwa kuwashawishi wabunge, ambaye hajapigiwa kura na mtu yeyote. Somo hili nalipitisha kwenye mswada mmoja: wa malipo ya madereva wa Uber na Lyft hapa Minnesota, kazi iliyojaa ndugu zetu wa Afrika Mashariki, Wasomali wakiwa mbele.

Hatua ya 1: Shika mswada mmoja
Usifuate siasa nzima, utachoka. Hapa kila mswada una namba, HF ukianzia Baraza la Wawakilishi na SF ukianzia Seneti. Iandike namba kwenye tovuti ya bunge, utaona matoleo yote na kamati ulizopitia. Pakua kila toleo siku linapotoka uyalinganishe. Mstari uliotoweka kati ya Jumanne na Alhamisi una mtu aliyeuomba utoke.

Hatua ya 2: Tafuta nani kaajiriwa
Washawishi wanasajiliwa, na orodha iko wazi kwa yeyote: jina la mtu, na anamwakilisha nani. Hapa Minnesota inatunzwa na bodi ya fedha za kampeni. Utashangaa kuona mtu mmoja akiwa na wateja kibao wasiohusiana kabisa. Usitafute zawadi, maana tangu 1994 mshawishi wa hapa amekatazwa kumpa mbunge zawadi.

Hatua ya 3: Itafute karatasi
Hapa ndipo penye mzizi, kwa hiyo tukae kidogo. Bunge letu lina watu 201, maseneta 67 na wawakilishi 134. Wengi wana shughuli nyingine, wasaidizi wao ni wachache na miswada ni maelfu. Mbunge hana muda wa kusoma yote. Mshawishi mzuri anamuuzia kile anachokikosa, yaani ufupisho wa karatasi moja.

Mara ya kwanza nilipokwenda kwenye kamati nilibeba kurasa nne nilizoziandika usiku kucha. Nilipewa dakika mbili. Nikamaliza salamu na ukurasa wa kwanza, mwenyekiti akanishukuru. Nyuma yangu akaja bwana mwenye suti ya kijivu, mkononi karatasi moja tu: nukta tatu, chati moja, namba ya simu chini. Hakusoma chochote, aliongea kama anayemwelekeza jirani njia. Baadaye koridoni nikaona karatasi ile ile mikononi mwa wajumbe wawili, mmoja kaichorea mstari kwa kalamu. Zangu nne nilizikuta kitini.

Hatua ya 4: Sikiliza vitisho, kisha piga hesabu
Mwaka 2023 Baraza la Wawakilishi na Seneti ya jimbo zilipitisha mswada wa malipo. Uber ikasema itaondoa huduma nje ya eneo la Minneapolis na St. Paul. Mei 25 Gavana Tim Walz akaupigia kura ya turufu, ya kwanza tangu aingie madarakani 2019. Machi 2024 baraza la jiji la Minneapolis likapitisha viwango vyake: dola 1.40 kwa maili na senti 51 kwa dakika. Meya akakataa, baraza likaupindua uamuzi wake, na kampuni zote mbili zikatangaza kuondoka.

Mei jimbo likaweka sheria yake: dola 1.28 kwa maili na senti 31 kwa dakika, na miji ikapigwa marufuku kujipangia. Hicho kifungu cha mwisho ndicho nyama. Ukishindwa kwa diwani, unaihamishia kesi juu, kwa mkubwa wake.

Chukua safari ya maili 10, dakika 20. Kwa viwango vya jiji dereva anapata dola 24.20. Kwa vya jimbo, 19. Kwa viwango vya utafiti ambao jimbo lenyewe liliuagiza, senti 89 kwa maili na 49 kwa dakika, ni 18.70. Kwa hiyo aliyesema madereva walishinda ana hesabu yake, na aliyesema walipunjwa anayo pia. Na msisahau kwamba chama cha madereva nacho ni kundi la maslahi. Kilikaa koridoni kama wengine.

Hatua ya 5: Kesha siku ya mwisho
Sheria ile ya 2024 ilipita dakika za mwisho za kikao, ndani ya furushi la kurasa zaidi ya 1,400 lenye mambo mengine chungu nzima, huku wabunge wakipigiana kelele ukumbini. Usijaribu kusoma zote. Tafuta neno lako tu.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Kaka, tuambiane ukweli, hii si rushwa iliyovaa tai?
Mpaka upo, ingawa una utelezi. Ohio, kampuni ya umeme ya FirstEnergy ilipitisha takriban dola milioni 60 kwenye shirika lililokuwa chini ya Spika Larry Householder, ili vinu vya nyuklia viokolewe kwa sheria ya 2019. Hiyo ni rushwa, na 2023 alihukumiwa miaka 20. Yule bwana wa suti ya kijivu hakuvunja sheria yoyote. Kilichonisumbua ni kwamba hakuhitaji kuivunja.

Swali: Mbona miswada ya majimbo tofauti inafanana neno kwa neno?
Kwa sababu inaandikwa mahali pamoja. Kuna vikundi vinavyotoa miswada ya mfano, ALEC iliyoanzishwa 1973 ikiwa maarufu zaidi. Uchunguzi wa waandishi wa habari wa 2019 ulikuta zaidi ya miswada 10,000 iliyonakiliwa ndani ya miaka minane. Nakili sentensi moja ya kwenu uitafute mtandaoni.

Swali: Mimi sina uraia, nina green card. Naruhusiwa?
Kutoa maoni na kumwona mbunge, ndiyo dada. Kuchangia kampeni pia unaweza. Asiye na uraia wala green card hawezi kuchangia, ila kuongea anaweza.

Swali: Niko Houston. Huku inakuwaje?
Texas bunge linakaa siku 140 tu, miaka witiri, na mbunge analipwa dola 600 kwa mwezi. Maana yake muda mwingi yuko nyumbani, na ana kazi nyingine. Mtafute huko kabla ya Januari. Nenda na karatasi moja.