Kuzuru Magofu ya Gede: Anza Msikitini, Maliza kwa Vipepeo

Kutoka Malindi mjini, panda matatu ya Watamu na umwambie kondakta akushushe Gede, mji wa kale wa Waswahili uliobaki magofu msituni, kiasi cha kilomita 15. Ukipanda ya Mombasa utaachwa njia panda, kisha utafute tuktuk au utembee.

Fika asubuhi, mara lango linapofunguliwa. Msitu huzuia upepo wa bahari, na kufikia saa tano joto huwa limetulia humo ndani kama la jikoni. Mkenya abebe kitambulisho, kwani ada yake si sawa na ya mgeni wa nje. Vaa viatu vya kufunika vidole. Miezi ya masika njia huteleza na mbu huwa wengi. Chakula kiache: kima wa hapa wanajua mlio wa mfuko wa plastiki.

Wengi hukimbilia jumba la mfalme. Anzeni Msikiti Mkuu. Tazama mkuki uliochongwa juu ya mlango wa mashariki, kisha kisima kilicho nje. Kiliongezwa kina baadaye, dalili kwamba maji yalikuwa yakishuka, na hiyo ni mojawapo ya sababu zinazotajwa za mji huu kuhamwa karne ya 17. Karibu hapo pana kaburi lenye tarehe: mwaka 802 Hijria, yaani 1399.

Jumbani na kwenye nyumba ndiko pa kukawia. Vyumba ni vyembamba kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti zilizobeba dari. Ukiona chumba cha nyuma kisicho na mlango, usidhani umezibwa: kilikuwa ghala, na watu waliingia kwa ngazi kupitia tundu la juu. Majina nayo hupotosha. Nyumba ya Mkasi haikuwa ya fundi cherehani; ilipewa jina la kitu kilichofukuliwa humo katika uchimbaji ulioanzishwa na mwanaakiolojia James Kirkman mwaka 1948.

Usipande kuta hata kwa picha moja. Ni mawe ya matumbawe na chokaa, na mizizi ya miti imeshazilegeza. Ukinyamaza kidogo, huenda ukamwona sange, mnyama mdogo mwenye pua ndefu na matako ya manjano, akichakura majani makavu.

Banda la vipepeo la mradi wa Kipepeo, palepale kwenye uwanja wa magofu, liache mwisho. Asubuhi mapema vipepeo hutulia tu majanini. Jua likipanda ndipo huruka.