Kusakinisha Linux Mint kwenye kompyuta ya mezani ya zamani: mwongozo wa fundi wa Kisumu

Kompyuta nyingi za mezani zinazoletwa kwenye karakana yangu hapa Kondele zilianza kazi katika ofisi za Uingereza kabla ya kupakiwa kwenye makontena na kuuzwa upya katika maduka ya mjini, ambako wauzaji huziita ex-UK. Aghalabu ni Dell OptiPlex 7010 na 9020, au HP za rika hilo, zenye prosesa za Intel za kizazi cha 3 au cha 4 na RAM ya GB 4 hadi 8. Muda wa kawaida wa Windows 10 kupata masasisho ya usalama ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 hudai chipu ya usalama ya TPM 2.0 pamoja na prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 au cha juu zaidi, masharti ambayo mashine hizi haziwezi kuyatimiza. Wenye saiba (vibanda vya intaneti) wanaojazia watu fomu za eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na kuwachapia barua wananiuliza kama wazitupe. Ninawaambia wasizitupe, kwa kuwa kazi yao kubwa hufanyika ndani ya kivinjari, na kivinjari cha Firefox hufanya kazi ile ile kwenye Linux Mint, mfumo endeshi wa bure unaoweza kuchukua nafasi ya Windows, bila kudai mashine mpya.

Karibu kila usakinishaji ulioniharibikia uliharibika kabla sijabonyeza kitufe cha kusakinisha. Kwa hiyo hatua za mwanzo hapa ni ndefu kuliko za mwisho, nami nakusihi usiziruke.

Hatua ya 1: Ichunguze mashine yenyewe

Fungua kasha, pangusa vumbi, kisha uitazame betri ndogo ya mviringo iliyo kwenye ubao mkuu. Ni CR2032 ya volti 3, na kazi yake ni kuilisha saa ya kompyuta wakati umeme umekatika. Katika mashine iliyokaa ghalani kwa miaka, betri hii huwa imekufa, na kila unapochomoa waya wa umeme saa hurudi nyuma miaka mingi. Watu hulidharau jambo hili, na kumbe ndilo chanzo cha makosa yasiyoeleweka: kivinjari hukataa kufungua kurasa kwa madai kwamba vyeti vya usalama si halali, na mfumo hukataa masasisho kwa sababu tarehe za orodha ya programu zinaonekana kuwa za siku zijazo. Badilisha betri kwanza, kisha uweke tarehe na saa sahihi ndani ya BIOS, menyu ya mipangilio ya mashine inayofunguliwa kabla ya mfumo kuwaka.

Hatua ya 2: Hifadhi data, kisha uchomoe diski isiyohusika

Nakili nyaraka, picha na faili za hesabu za mwenye mashine kwenye diski ya nje, kisha uzifungue faili chache kutoka kwenye nakala hiyo ili uhakikishe kwamba zinasomeka. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli ya data ya Windows, pata kwanza ufunguo wake wa kurejesha.

Nina sababu ya kulisisitiza hili. Miaka michache iliyopita nililetewa mashine yenye diski mbili za GB 500, moja ikiwa na Windows na nyingine ikiwa na daftari za chama cha akina mama. Katika programu ya usakinishaji ziliandikwa sda na sdb, ukubwa wake ukilingana kabisa, nami nikachagua sda kwa mazoea. Ilikuwa ile ya daftari. Nilifanikiwa kurejesha sehemu ya faili kwa programu ya uokoaji, lakini michango ya mwaka mzima ilibidi iandikwe upya kutoka kwenye vitabu vya karatasi. Tangu siku hiyo, diski ambayo siikusudii naichomoa kebo yake ya SATA (ile ya data inayoiunganisha na ubao mkuu) kabla ya kuwasha mashine, na sirudishi kebo hiyo mpaka kazi iishe. Majina ya sda na sdb yanaweza pia kubadilishana kutoka uwashaji mmoja hadi mwingine, kwa hiyo usiyategemee hata kama uliyaandika jana.

Hatua ya 3: Pakua faili na uihakiki

Chagua Linux Mint 22, toleo la Xfce, lililo jepesi kwa mashine za zamani. Limejengwa juu ya Ubuntu 24.04, mfumo mwingine wa Linux, na litapata masasisho hadi 2029. Watengenezaji husema RAM ya GB 2 inatosha, ila wao wenyewe hupendekeza GB 4, na uzoefu wangu ni kwamba chini ya GB 4 kivinjari cha leo humchosha mtumiaji. Faili ya kupakua inakaribia GB 3, kwa hiyo tafuta intaneti imara kuliko kumaliza bando la simu.

Baada ya kupakua, linganisha alama ya SHA256 ya faili (mfuatano wa herufi na tarakimu unaoitambulisha) na ile iliyoandikwa kwenye tovuti ya Linux Mint. Upakuaji uliokatika katikati na kuendelea tena unaweza kuacha faili yenye dosari isiyoonekana kwa macho, nawe ukaja kuhangaika saa tatu ukitafuta kosa kwenye mashine isiyo na kosa. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, uende kwenye folda yenye faili, uandike (ukitumia jina la faili uliyopakua wewe):

certutil -hashfile linuxmint-22-xfce-64bit.iso SHA256

Herufi na tarakimu zote 64 lazima zifanane. Zikitofautiana hata moja, pakua upya.

Hatua ya 4: Andaa flashi na uwashe mashine kutoka kwayo

Tumia flashi ya GB 8 isiyo na kitu cha maana, maana itafutwa yote. Programu za Rufus na balenaEtcher zote mbili huiandika vizuri. Ichomeke, washa kompyuta, na ubonyeze F12 mfululizo kwenye Dell au F9 kwenye HP ili uone orodha ya vyombo vya kuwashia. Flashi ikionekana mara mbili, chagua ile iliyoandikwa UEFI.

Kwenye mashine za Dell ingia pia BIOS kwa F2 na uangalie mpangilio wa SATA. Mara nyingi umewekwa kwenye RAID (hali ya kuunganisha diski kadhaa), na programu ya usakinishaji inaweza kukosa kuiona diski au kukutaka uzime RST (teknolojia ya Intel ya kusimamia diski). Ubadilishe uwe AHCI, hali ya kawaida ya diski. Hata hivyo, ikiwa unataka kuibakiza Windows kando ya Linux, usibadilishe kabla ya kuiandaa Windows yenyewe, kwa sababu inaweza kukataa kuwaka baada ya mabadiliko hayo.

Hatua ya 5: Ujaribu mfumo ukiwa bado kwenye flashi

Mint huwaka kikamilifu kutoka kwenye flashi bila kuigusa diski. Skrini ikiwa nyeusi, washa tena na uchague hali ya upatanifu (compatibility mode) kwenye menyu ya mwanzo. Mfumo ukishafunguka, cheza sauti, chomeka printa, na utafute mtandao. Kompyuta za mezani mara nyingi hazina Wi-Fi, lakini simu ya Android iliyounganishwa kwa waya wa USB na kuwekewa ruhusa ya kugawa intaneti hutambuliwa mara moja bila draiva yoyote.

Fungua pia programu ya Disks na usome taarifa za SMART (ripoti ya afya) za diski kuu. Ukiona sekta zinazosubiri kusomwa au zilizohamishwa, na idadi yake inaongezeka, mshauri mwenye mashine anunue SSD (diski ya kasi isiyo na sehemu zinazozunguka), hata ya GB 120. Hakuna badiliko jingine linaloirudishia mashine kuukuu nguvu kwa kiasi hicho.

Hatua ya 6: Chagua kibodi sahihi

Sasa bofya alama ya kusakinisha. Baada ya lugha utaulizwa mpangilio wa kibodi, na hapa wengi hubofya kuendelea bila kusoma. Itazame kibodi iliyo mbele yako. Kama juu ya tarakimu 3 pana alama ya pauni, £, na kitufe cha Enter ni kirefu cha kushuka mistari miwili, basi hiyo ni kibodi ya Uingereza, nawe uchague English (UK). Kwenye mpangilio wa Marekani, Shift pamoja na 2 hutoa @. Kwenye wa Uingereza hutoa alama ya nukuu, na @ huhamia karibu na Enter.

Dada mmoja mwenye saiba alinipigia simu asubuhi moja akasema, "Fundi, nenosiri ni lile lile ulilonipa, lakini inakataa." Nenosiri lake lilikuwa na @. Kibodi ilikuwa ya Uingereza, mpangilio nilioacha ulikuwa wa Marekani, nami nililiandika nenosiri kwa mazoea ya vidole vyangu, kwa Shift na 2. Yeye alitafuta @ palipochorwa @, akapata alama ya nukuu. Nilimwelekeza kwa simu abonyeze Shift na 2, akaingia. Kabla ya kuendelea, andika @, £ na " kwenye kisanduku cha majaribio kilicho chini ya orodha hiyo, na uhakikishe kwamba kinachotokea ndicho kilichochorwa kwenye vitufe.

Hatua ya 7: Diski, saa na jina

Kubali kusakinisha kodeki za sauti na video (programu za kuzichezea) kama una intaneti. Katika ukurasa wa diski, "Erase disk and install Linux Mint" ndilo chaguo rahisi pale mashine inapobaki na Linux peke yake. Soma jina na ukubwa wa diski katika onyo la mwisho kabla ya kukubali. Ukiiacha Windows, chagua kusakinisha kando yake, baada ya kuzima Fast Startup (uwashaji wa haraka) ndani ya Windows. Usipoizima, sehemu za diski za Windows hubaki katika hali ya usingizi na Linux haitaweza kuandika ndani yake. Ukanda wa saa ni Nairobi. Mengine yanajieleza.

Mashine ikishawaka yenyewe, sasisha programu zote, ufungue Driver Manager (inayotafuta draiva za vifaa), kisha uwashe Timeshift itunze nakala za mfumo. Timeshift kwa kawaida hailindi nyaraka za mtumiaji, hivyo diski ya nje bado inahitajika.

Yanayotokea baadaye

Hapa kwetu mvua za jioni huja na radi, na umeme hukatika bila taarifa. Ukikatika katikati ya masasisho, programu mpya hukataa kusakinishwa. Fungua terminali (dirisha la amri) na uandike amri hizi mbili, moja baada ya nyingine:

sudo dpkg --configure -a
sudo apt --fix-broken install

Ukikuta mashine imesimama kwenye skrini nyeusi yenye neno initramfs, usisakinishe upya. Mistari iliyo juu yake kwa kawaida hutaja sehemu ya diski yenye hitilafu, tuseme /dev/sda2. Andika fsck -y /dev/sda2 (amri ya kukagua na kurekebisha diski), ukitumia jina uliloliona wewe, subiri imalize, kisha andika exit. Hitilafu ikijirudia hata pale umeme haujakatika, rudi kwenye taarifa za SMART.

Pale Windows na Linux zinapokaa pamoja, saa ya Windows inaweza kutofautiana kwa saa 3 kila unapohama. Linux huhesabu saa ya ubao kuwa ni UTC (saa ya dunia, iliyo nyuma ya yetu kwa saa 3), ilhali Windows huihesabu kuwa ni saa ya hapa. Amri ya timedatectl set-local-rtc 1 huzipatanisha.

Kabla mashine haijaondoka karakanani, huandika kwenye kipande cha karatasi toleo la mfumo, mpangilio wa kibodi, hali ya SATA na tarehe niliyobadilisha betri, nikakibandika ndani ya kifuniko cha kasha. Fundi atakayeifungua baada yangu atakikuta hapo.